Kaseti za shangazi aliyetangaza wakati wa vita: nianze na nini?

"Mwalimu, nakusalimu. Shangazi yangu alitangaza redioni hapa Bukavu tangu kabla ya vita ya 1996 hadi 2005. Nyumbani tunasema yeye ndiye mwanamke wa kwanza kusikika redioni wakati wa vita. Sasa ana miaka 61 na sukari inamsumbua. Chini ya kitanda chake kuna sanduku la kaseti, zinaweza kufika hamsini, nyingine zimeota ukungu mweupe. Jirani ananiambia nizianike juani kisha nizifute kwa spiriti. Kaka yangu anataka tuzirekodi kwa simu na kuzituma kwenye vikundi vya WhatsApp ili watu wamkumbuke. Mimi nataka kuandika maisha yake, lakini mtaani wapo wanaosema aliwasomea waasi habari zao, na yeye mwenyewe nikimuuliza ananijibu 'acha mambo ya zamani'. Nianze na nini? Na hilo la waasi niliandike au niliache?"

Dada yangu, barua yako ina mambo matatu yaliyoshikana: kaseti zinazoharibika, shangazi ambaye afya yake haina uhakika, na hofu ya kukuta ndani ya sanduku kitu ambacho familia haitakipenda. Nitayajibu yote, ila sitafuata mpangilio wako, kwa sababu moja kati ya hayo haliwezi kungoja.

Anza na shangazi mwenyewe. Kaseti iliyokaa miaka ishirini chini ya kitanda inaweza kuvumilia miezi michache zaidi, mradi mtu asiiguse vibaya. Afya ya mtu mwenye sukari hatuwezi kuipangia hivyo. Tulimpoteza mwandishi wa habari Solange Lusiku Oktoba 2018. Alipitia redioni hapa Bukavu kabla ya kuongoza gazeti la Le Souverain, akaheshimiwa Ubelgiji na Marekani, na leo anayetaka kujua jinsi alivyoipanga siku yake ya kazi hana budi kuwauliza wenzake. Wewe bado unaye wa kumuuliza. Simu yako inatosha kumrekodi: iweke mezani juu ya kitambaa, izime mtandao ili isilie katikati ya maneno, funga dirisha la barabarani, kisha ongeeni.

Anapokujibu "acha mambo ya zamani", usidhani kwamba amekataa moja kwa moja. Mara nyingi jibu hilo linatokana na swali lenyewe. Ukimwuliza "shangazi, vita ilikuwaje?" unamtwika miaka kumi kwa pumzi moja, na mtu mwenye busara anautua mzigo wa namna hiyo. Muulize vitu vidogo vinavyoshikika. Alitoka nyumbani saa ngapi kuwahi kipindi cha asubuhi? Alipita njia gani, na vizuizi vya askari vilikuwa wapi? Nani alishika ufunguo wa studio? Mafuta ya jenereta yalitoka wapi, na yakiisha walifanyaje? Watoto aliwaachia nani? Mshahara ulifika, au walikula kwa pesa za makomunike, yale matangazo ya watu binafsi? Atakayekuambia kwamba maswali ya watoto na chakula ni ya jikoni, hayahusu redio, usimsikilize. Mwanamke aliyesoma habari saa kumi na mbili asubuhi katika mji wenye askari alikwisha kuamua mambo mengi kabla hajaifikia maikrofoni, na maisha yake yamo katika maamuzi hayo kuliko katika taarifa aliyoisoma.

Usimsumbue kwa tarehe. Kumbukumbu ya binadamu haishiki kalenda, inashika matukio, nasi hapa Kivu, mashariki mwa Kongo, matukio hatujakosa. Kuna mwisho wa Oktoba 1996, siku mji wetu wa Bukavu ulipoanguka na Askofu Mkuu Munzihirwa akauawa. Kuna tarehe 2 Agosti 1998, vita vya pili vilipoanza. Kuna lava ya volkano ya Nyiragongo iliyoingia Goma tarehe 17 Januari 2002. Kuna Juni 2004, askari wa makamanda waasi Nkunda na Mutebutsi walipouteka mji. Muulize: "Hilo lilikuwa kabla ya lava au baada ya lava?" Atakujibu bila kusita, na wewe ndiye utakayeandika mwaka.

Jambo moja wengi wanalikosea: wanamkalisha mzee, wanamchezea kaseti ya zamani, halafu wanamwambia aeleze. Mtu akishasikia rekodi, kumbukumbu yake inajipanga kuizunguka rekodi hiyo, na yale ambayo hayakurekodiwa yanasukumwa pembeni. Kwa hiyo mhoji kwanza bila kaseti. Mwache aanzie anapotaka na asimulie kwa mpangilio wake. Kaseti mtazisikiliza pamoja baadaye, na hapo maneno yake yakitofautiana na kilichomo, andika yote mawili. Usimkosoe mbele ya wajukuu.

Sasa sanduku. Jirani yako anakutakia mema, lakini ushauri wake utaua sauti. Utepe wa kaseti ni ukanda wa plastiki, upana wake haufiki milimita 4, uliopakwa unga laini wa oksidi ya chuma, na unga huo unashikwa na gundi. Sauti ya shangazi ni jinsi chembe za unga huo zilivyoelekezwa kwa sumaku siku ile. Sumaku hiyo hudumu muda mrefu sana. Kinachochoka mapema ni gundi. Jua linailegeza na kuivuta plastiki, na hata hapa Bukavu penye ubaridi wa mita 1,500, kaseti nyeusi iliyoachwa juani saa sita mchana inachoma mkono. Spiriti nayo inailainisha gundi, na ukiusugua utepe unaondoa ukungu pamoja na unga wenye sauti. Tazama namba iliyochapwa kwenye kaseti: C60 ina utepe mnene kidogo, C90 mwembamba zaidi, C120 mwembamba kupita zote na hukatika upesi. Hizo C120 mtu asijifunzie kazi juu yake.

Ukungu unaishi kwa unyevu. Dawa yake ni hewa kavu na subira. Zitoe kaseti sandukuni, uzisimamishe kwenye rafu kama vitabu, kivulini, katika chumba kinachopitisha hewa, mbali na mvuke wa jikoni na mbali na spika kubwa, maana spika ina sumaku. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, ndicho kipindi kizuri kwa kazi hii. Zenye ukungu zitenge na zilizo safi. Ukizishika, vaa barakoa na ufanyie nje. Pangusa ganda kwa brashi laini, usipulize kwa mdomo: utauvuta ukungu huo kifuani, na mate yako yatauongezea unyevu unaoupenda. Kaseti yenye ukungu ndani usiicheze kabisa, hata dakika moja "kusikia tu kama bado inafanya kazi". Ukungu huunganisha mizunguko ya utepe, mashine inavuta, unga unabanduka. Halafu mabaki yanabaki kwenye mashine na kuhamia kaseti inayofuata.

Kabla ya kuanza kucheza hizo safi, zipige picha moja moja, pande zote mbili, pamoja na maandishi ya kalamu hata kama huyaelewi. Zipe namba kwa penseli kwenye karatasi ya kasha lake. Kisha igeuze kaseti, utazame ukingo wake wa nyuma, ule usioonyesha utepe. Kuna vijilango viwili vidogo vya plastiki, kila kimoja kinalinda upande mmoja. Vivunje kwa ncha ya bisibisi. Vikishavunjika, mashine inakataa kurekodi juu yake hata mtu akikosea kitufe. Ukikuta tundu limezibwa kwa skochi, bandua hiyo skochi: mtu aliiziba makusudi ili kaseti irekodiwe tena. Redioni kaseti mpya ilikuwa ghali na kipindi cha jana kilifutwa ili cha leo kipate mahali. Ndiyo maana usishangae kukuta makomunike ya watoto waliopotea upande mmoja na nyimbo za harusi upande wa pili. Wala usidhani kwamba sanduku lina kazi yake yote. Lina kile kilichonusurika kufutwa, basi.

Kuhusu simu ya kaka yako: simu iliyosogezwa kwenye spika inarekodi chumba kizima, pamoja na jogoo wa jirani, na WhatsApp inaibana sauti hiyo mara ya pili. Kaseti ya umri huo inaweza kukupa mchezo mmoja mzuri tu, kwa hiyo mchezo huo uwe wa kurekodi ipasavyo. Tafuta redio-kaseti nzima yenye tundu la waya, au kicheza kaseti cha fundi unayemwamini. Hapo ndipo spiriti ya jirani ina kazi: loweka pamba ya kijiti, pangusa kichwa cha chuma kinachosoma utepe, acha kikauke. Izungushe kaseti mbele hadi mwisho na irudi, ili mizunguko iachiane. Waya kutoka mashine uingie kwenye kompyuta. Programu ya kurekodi ya Audacity haina malipo. Hifadhi kwa WAV, faili la sauti isiyobanwa, herzi 48,000 na biti 24. Saa moja ya namna hiyo inakula karibu gigabaiti moja, na hiyo si gharama kubwa ukilinganisha na unachookoa. Sauti ikiwa butu kama inatoka chini ya blanketi, usikimbilie kusema kaseti imekufa: pengine kichwa cha mashine hakijakaa sawa na kile kilichorekodi zamani. Pembeni mwa kichwa kuna skrubu ndogo. Fundi akiigeuza kidogo kidogo huku mnasikiliza, herufi "s" zinarudi kuwa kali na sauti inafunguka. Ukimaliza, uwe na nakala tatu, moja ikae mji mwingine. Watu wa Goma waliopoteza picha za familia nzima kwa lava watakueleza sababu vizuri kuliko mimi.

Lakini usitafute sauti tu. Nakupa mfano wa mbali, kwa sababu utakufaa pia kwa swali lako gumu. Una Marson alizaliwa Jamaika mwaka 1905, binti wa mchungaji wa Kibaptisti. Alianzisha jarida lake mwenyewe mwaka 1928 akiwa msichana wa miaka 23, akaandika mashairi na tamthilia, akahamia London. Vita Kuu ya Pili ilipowaka aliingia BBC, na mwaka 1941 akaajiriwa rasmi, mwanamke mweusi wa kwanza kutengeneza vipindi akiwa mfanyakazi wa shirika hilo. Kipindi chake kiliwaruhusu askari na wafanyakazi kutoka visiwa vya Karibiani kuwasalimu mama zao ng'ambo ya bahari. Mwaka 1943 akaanzisha kipindi cha mashairi na hadithi, kilichokuja kuwapa nafasi waandishi wengi wa visiwa hivyo. Wapo waliochukia ofisini kuona mwanamke mweusi akiwapanga. Alirudi Jamaika vita vilipokwisha, akiwa mgonjwa na amechoka, na alifariki mwaka 1965. Kitabu kamili cha maisha yake kilitoka mwaka 1998. Kiliwezekana kwa sababu ya karatasi: barua, mashairi, maandishi ya ofisini. Tena wakati ule wa vita kila neno la kutangazwa liliandikwa kwanza na kupitishwa na mkaguzi kabla ya kufika hewani, kwa hiyo karatasi ilikuwapo hata pale sauti ilipopotea.

Shangazi yako naye ana karatasi, hata kama yeye haziiti hivyo. Tafuta daftari la makomunike, ambamo watu waliandikisha misiba, watoto waliopotea njiani, mbuzi aliyeibwa. Tafuta kadi ya kazi, vyeti vya semina, barua za wasikilizaji, picha yenye mhuri nyuma. Kati ya vyote hivyo, mimi ningekimbilia daftari la makomunike kabla ya kaseti yoyote. Mtu aliyekimbia mwaka 1996 akapoteza mtoto barabarani alikuja hadi kwenye mlango wa redio, akasema jina na umri na nguo aliyovaa mtoto, na shangazi yako akaandika. Nijuavyo mimi, hakuna ofisi iliyofanya kazi hiyo kwa watu wengi kiasi hicho kwa kalamu moja.

Sasa la waasi. Liandike.

Nakuambia hivi nikijua linauma. Kuanzia Agosti 1998 hadi 2003 mji huu ulikuwa chini ya RCD, kundi la waasi. Radio Maendeleo ya hapa Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1993, ilifungwa na mamlaka hiyo mwaka 1999. Kila msikilizaji alielewa somo lake: aliyebaki hewani, alibaki kwa masharti. Tangazo lilifika likiwa na mhuri, mara nyingine likiwa mkononi mwa mwenye silaha, na lilisomwa neno kwa neno. Kukataa kulikuwa na bei, na bei hiyo haikulipwa na mtangazaji peke yake. Mtaa unaosema "aliwasomea waasi" hausemi uongo lazima. Umesema nusu ya sentensi. Kazi yako ni kuitafuta nusu ya pili.

Na hapo kaseti zitakusaidia kuliko ushuhuda wa mtu yeyote, pamoja na wa shangazi. Sikiliza kwa makini, kwa sababu kuna mambo matatu yanayofanana kwa mbali tu. La kwanza ni kusoma tangazo la mamlaka na kulitaja kuwa ni lake: "mkuu wa mkoa anatangaza kwamba". Hiyo ni kazi ya mtangazaji chini ya utawala wowote. La pili ni kulichukua tangazo na kulifanya lako: kusema "sisi", kusifu, kuongeza maneno ambayo karatasi haikuwa nayo. Hilo ni kujiunga, na pengine alikuwa na sababu, pengine hakuwa nayo. Mwulize kwa adabu na uandike jibu lake kama alivyolisema. La tatu ni kutaja watu au kabila ili wadhurike. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda, tuliona mwaka 1993 na 1994 redio ya RTLM ilichofanya kwa kuchochea mauaji, na tukaona pia hapa hapa Bukavu Radio Agatashya ikianza Agosti 1994 ili wakimbizi wapate habari isiyo na sumu. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema watangazaji wa ukanda huu hawakujua nguvu ya maikrofoni. Ukikuta la tatu, simama. Usiandike peke yako, usimwulize mbele ya watu, usimtumie mtu rekodi. Njoo tuongee, au nenda kwa mwanahistoria.

Mimi nadhani utakuta hasa la kwanza, na huenda chembe za la pili siku za wasiwasi. Liweke wazi: kaseti namba fulani, mwaka fulani, alisema hivi, leo anaeleza hivi. Rudi kwa Una Marson. Mwaka 1936 alikuwa katibu wa Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia, akafuatana naye hadi Geneva kuililia Ethiopia iliyotwaliwa na Italia. Aliujua ubaguzi wa London kwa mwili wake. Na bado aliingia studio ya dola ile ile ya kikoloni wakati wa vita, katika idhaa ambayo mojawapo ya malengo yake ilikuwa kuyafanya makoloni yabaki upande wa Uingereza. Ukificha upande mmoja, mwanamke huyo haeleweki: anakuwa ama shujaa asiye na damu ama mtumishi asiye na akili, naye hakuwa hata mmoja wa hao. Shangazi yako anastahili kusimuliwa akiwa mzima. Isitoshe, majirani wanaokumbuka wapo hai. Wakisoma maisha yake na wasiikute miaka ya RCD, hawataamini hata ukurasa wa watoto waliopotea.

Nageukia kaka yako, na hapa naomba unisikilize kuliko popote. Mwaka 2003 waandishi wanawake wa Kivu Kusini waliunda chama chao, AFEM, wakabeba vinasa sauti kwenda kwa wanawake waliobakwa vitani ili sauti zao zisikike. Chouchou Namegabe, aliyekulia kazini Radio Maendeleo, alizifikisha habari hizo hadi kwenye Baraza la Seneti la Marekani mwaka 2009. Caddy Adzuba wa Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo, alipewa tuzo ya Asturias ya Hispania mwaka 2014. Wote wawili walitishiwa maisha. Ikiwa shangazi yako alishiriki kazi ya namna hiyo, basi ndani ya sanduku kuna uwezekano wa kuwepo rekodi mbichi. Hewani jina liliondolewa, kijiji kilifichwa. Kwenye kaseti mbichi vimo vyote: jina, kijiji, jina la mume, wakati mwingine jina la aliyefanya.

Mama aliyekubali mwaka 2003 alikubali kipindi kimoja kirushwe jioni moja kisha kipotee hewani. Hakukubali sauti yake ikae kwenye simu za wakwe zake. Mtoto aliyezaliwa kutokana na tukio lile sasa ni mtu mzima, labda yumo katika kikundi hicho hicho cha WhatsApp. Na mji umebadilisha mikono tena: waasi wa M23 waliingia Bukavu Februari 2025. Tangazo au ushuhuda ambao jana ulionekana historia unaweza kesho kumgharimu mtu. Bukavu inajua hilo. Tulimzika Serge Maheshe mwaka 2007 na Didace Namujimbo mwaka 2008, wote wa Radio Okapi, waliouawa kwa risasi mitaani.

Kwa hiyo kaseti zote zisikilizwe kwanza na watu wawili tu, wewe na shangazi. Kila upande uandikie mistari michache: nani anaongea, ni nani wametajwa, ni kipindi kilichorushwa au ni rekodi mbichi. Zenye mashahidi zitunzwe kwenye diski ya peke yake yenye nywila, na katika kitabu chako watu hao wasitajwe hata kwa kijiji. Sikatai hamu ya kaka yako. Ana haki ya kutaka watu wamkumbuke shangazi, na kipande kidogo kikisambaa kinaweza kuwaleta wenzake wa zamani wakiwa na picha na kaseti ambazo ninyi hamna. Basi achague dakika mbili tatu ambazo ndani yake anaongea shangazi peke yake: salamu za kufungua kipindi, utangulizi wa wimbo, saa ya redio. Amsikilizishe kwanza. Akikubali, atume. Akikataa, imeisha.

Kuhusu kuwa "wa kwanza", punguza sauti kidogo. Neno hilo likikaa peke yake litaibua mabishano na mama mwingine wa mitaa ya Kadutu au Nyawera ambaye naye familia yake inasema hivyo hivyo, na mabishano yatameza kitabu. Andika kile unachoweza kukithibitisha: mwanamke wa kwanza kusoma habari za asubuhi katika redio ile, mwaka ule, ikiwa wenzake wawili wanakubali.

Kuna pahali ambapo maandishi yangu hayatoshi, utahitaji mtu aliye mbele yako. Kaseti yenye ukungu ndani, iliyokatika, au inayolia kama mlango wenye kutu inapochezwa, mpelekee mtu aliyezoea kufungua maganda ya kaseti. Usiiunge kwa skochi ya dukani, gundi yake inavuja na kunata. Kile kisponji kidogo nyuma ya utepe kikidondoka, fundi mzuri anahamishia utepe kwenye ganda jipya. Kwa upande wa historia, kwenye ISP, chuo cha ualimu cha hapa Bukavu, kuna walimu wa historia wanaojua kukupa ramani ya miaka ile.

La mwisho ni la shangazi mwenyewe. Ikiwa baada ya mazungumzo hakulala, hakula, ameanza kutetemeka akisikia pikipiki usiku, au ameacha dawa za sukari, simamisha mahojiano siku hiyo hiyo. Huo si udhaifu wala mapepo. Mtu aliyesikiliza maumivu ya wengine kwa miaka kumi akiwa na jukumu la kuongea kwa sauti tulivu anaweza kuyahifadhi mwilini bila kujua. Kwanza apimwe sukari kituoni anakotibiwa, kisha mtafutieni mshauri wa kisaikolojia. Hospitali ya Panzi ina watu waliozoea hasa habari za vita. Mwambie wazi kwamba kitabu kinaweza kungoja, na umaanishe.

Mimi napatikana Ibanda siku za kazi, asubuhi. Ukija, njoo na picha za maandishi ya kaseti zote na orodha yako ya namba. Kaseti zenyewe ziache kwenye rafu, zisipande pikipiki msimu huu wa mvua. Tukishaona maandishi tutajua zipi zianze.